Kata Nane za Majivu

Rạch Gáo, Bến Tre
Tarehe 20, mwezi wa sita kwa mwandamo (ninyi wa mjini mnaita 27 Julai 2013)

Kwako mjukuu wangu Thoa,

Mimi mzima. Goti la kushoto tu linanung'unika kila mvua ikikaribia, nalo siku hizi linatabiri kuliko redio. Mjomba wako Kitinda mzima, mkewe mzima, anakoroma. Mama yako kaleta salamu kutoka kiwandani, anasema hana likizo mpaka mwaka mpya. Mbwa amekufa. Alikuwa mzee, usilie.

Umeniomba gunia la mkaa wa vifuu kwa kazi yako ya chuo. Nimecheka mpaka nikakohoa. Miaka yote hii nakausha mbata ili wewe usome usije ukashika mkaa, kumbe unasoma ili ushike mkaa! Haya, gunia hilo. Nimelichoma mwenyewe, vifuu vya lile lundo la nyuma ya jiko. Kitinda alitaka kuchoma yeye, nikamfukuza. Yule huchoma kama anayefukuza mbu, moshi mwingi kazi hakuna. Mkaa mzuri ukiugonga unalia kama bakuli la kaure. Ugonge usikie.

Mwaka huu mikate ya majivu haikuwepo. Ndiyo, umesoma vizuri. Siku ya tano ya mwezi wa tano, sikukuu ya kuua wadudu wa tumboni, imepita na watu wa mfereji mzima wamekula mikate ya kununua sokoni. Nadhani wadudu wa matumboni mwao bado wanacheza ngoma. Kosa ni la mchele wa kunata alioniuzia wifi yangu Bi Tisa. Mchele mbovu, ulivurugika wote ukawa uji. Nimemwambia hivyo mbele ya watu. Tangu siku hiyo hatusemeshani, na mfereji unaotutenga upana wake ni hatua kumi na mbili.

Usinipigie simu. Simu ni ya Kitinda, naye masikio yake yote mawili huingia kwenye mazungumzo ya watu. Andika. Darasa langu la tatu linatosha kukusoma, ukiacha kuandika kama kuku aliyekanyaga wino.

Kula. Mwaka mpya wewe ulikuja umekonda kama fimbo ya kuchokolea nazi.

Ni mimi bibi yako mzaa mama,
Bi Sita

*

Cần Thơ, 25 Agosti 2013

Bibi yangu mpenzi, shikamoo.

Mimi sijambo, ninakula. Pole kwa goti na pole kwa mbwa. Nimelia kidogo, nisamehe.

Bibi, mkaa wako umetushangaza. Ngoja nikueleze polepole. Tunausaga, tunauoka katika tanuri lisiloingiwa na hewa, moto mkali mara mbili ya ule wa tanuri lako, kisha tunauosha. Kinachobaki ni unga mweusi. Unga wa mkaa tulionunua kwingine, tukiutazama kwa hadubini, ni kokoto tupu. Wako ulikuwa umefunguka ukawa kurasa! Kurasa nyembamba, hata ukipanga maelfu kwa maelfu hujafikia unene wa unywele wako mmoja. Kijiko kimoja kikikunjuliwa chote kingetandika uwanja wa mpira. Na kurasa hizo hushika umeme kama sifongo inavyoshika maji. Kwingine duniani hutengenezwa kwa gesi za bei mbaya. Sisi tumezipata kwenye vifuu ambavyo watu hutupa mferejini.

Mwalimu wangu, Dakta Khiêm, alitazama, akala chakula chake cha mchana akiwa amesimama. Kisha akasema: jambo lililotokea mara moja ni bahati, bado si elimu. Lazima nilirudie mara tatu kabla ya kusimama mbele ya jopo tarehe 5 Desemba. Nisipoweza, kazi ya miaka miwili imekwenda, nafasi yangu anapewa mwingine, nami narudi nyumbani bila cheti.

Naomba gunia la pili, Bibi. Lilelile.

Nakushukuru sana. Sijui kama unajua kiasi gani.

Mjukuu wako,
Thoa

N.B. Bibi Tisa anauzaje mchele mbovu? Si ndiye huchambua punje moja moja mpaka wateja wanasinzia?

*

Rạch Gáo
Tarehe 6, mwezi wa nane (kwenu 10 Septemba)

Thoa,

Sisi wazima. Mvua imetuchosha. Mke wa Kitinda ana mimba, kwa hiyo sasa anakoroma kwa niaba ya wawili.

Kijiko cha makaa kutandika uwanja wa mpira. Umekunywa nini huko? Lakini nilipomsomea Kitinda mahali palipoandikwa "mkaa wako umetushangaza," nilimsomea mara mbili. Kisha nikaisoma kwa sauti pale ngazi ya majini nikiosha sahani, maana sauti inavuka maji vizuri.

Gunia la pili hilo. Vifuu vipya, vikavu, visafi, nimevifuta kwa kitambaa kimoja kimoja. Kama vile vya lundo chafu vimekuwa kurasa, hivi vitakuwa msahafu.

Kuhusu mchele wa Bi Tisa, wewe nyamaza. Hukuwepo.

Mwambie mwalimu wako akae anapokula. Chakula cha wima hushukia miguuni.

Bi Sita

*

Cần Thơ, 6 Oktoba 2013

Bibi, shikamoo.

Hongereni kwa mimba. Nimefurahi mno.

Sijui nianzeje. Gunia la pili limetoa kokoto. Nimeoka mara nne. Nimebadilisha moto, nimebadilisha muda, nimesafisha tanuri kwa mswaki. Kokoto. Nikachukua konzi ya mwisho ya gunia la kwanza, nikaioka palepale: kurasa.

Kwa hiyo tanuri halina kosa, na mikono yangu haina kosa. Kuna kitu katika vifuu vya kwanza ambacho vya pili havina. Tafadhali kumbuka, Bibi. Lile lundo la nyuma ya jiko lilipatwa na nini kabla hujalichoma? Lilimwagikiwa na kitu? Hata kidogo tu?

Thoa

*

Rạch Gáo
Tarehe 10, mwezi wa tisa (14 Oktoba)

Thoa,

Wazima.

Lundo halikupatwa na kitu. Vifuu ni vifuu. Nimechoma mkaa tangu mama yako hajaota meno na hakuna aliyewahi kuniuliza maswali ya polisi. Umebabua kazi yako mwenyewe, sasa unamtafuta mzee wa kumtwika.

Nakutumia samaki wa chumvi. Usile pasipo wali.

Bi Sita

*

Cần Thơ, 29 Oktoba 2013

Bibi yangu, shikamoo.

Asante kwa samaki. Wenzangu wa chumbani wamelalamikia harufu, kisha wamewala.

Usinikasirikie. Nimepima kipande cha mkaa wa kwanza nilichokikuta kwenye pindo la gunia. Kimejaa chumvi ya majivu, ile inayofanana na magadi. Ndiyo iliyoukwangua mkaa kwa ndani, tanuri lilipowaka, mpaka ukafunguka kurasa. Katika gunia la pili haimo kabisa. Maji ya majivu, Bibi. Nyumbani kwetu maji ya majivu hutengenezwa mara moja kwa mwaka, kwa ajili ya kulowekea mchele wa mikate.

Sikuulizi ili nikutwike. Kuna mtu katika jopo ameshaanza kunong'ona kwamba dawa nilitia mwenyewe kwa siri, kisha nikasingizia vifuu. Nikisema "sijui ilifikaje," mimi ni mwongo mbele yao. Bila cheti ninaweza kuishi. Jina la mwongo litaniua.

Nahitaji kujua mambo mawili: ilifikaje, na ni kiasi gani. Zimebaki wiki tano.

Hata usiponijibu, wewe ndiye uliyenisomesha, nami nakushukuru.

Thoa

*

Rạch Gáo
Tarehe 14, mwezi wa kumi (16 Novemba)

Mjukuu wangu Thoa,

Kitinda mzima. Mkewe mzima, tumbo limeanza kuonekana. Mfereji umejaa magugu maji. Kuku mweusi anaatamia mayai tisa.

Barua yako nililala nayo chini ya mkeka siku tatu. Nilitaka kuandika kwamba umekosea tena. Nikashika kalamu, nikaandika "Thoa," nikaona jina lako pale peke yake kwenye karatasi, nikashindwa kuliandikia uongo.

Nilitia majivu mara mbili.

Alfajiri ya mkesha wa sikukuu nilitia majivu mtungini, kwenye maji ya kulowekea mchele, kama kila mwaka. Nikaenda sokoni kununua majani ya mianzi ya kufungia. Niliporudi nikafunua mtungi, nikajiambia, ala, bado sijatia. Nikatia tena. Sikukumbuka, Thoa. Si kwamba nilichanganyikiwa kidogo. Ile asubuhi ilikuwa imefutika, kama vile aliyeiishi ni mtu mwingine. Kesho yake mchele ulikuwa mwekundu kama kutu, umelainika wote, na nilipoonja ulimi uliniungua. Hapo ndipo nikaona kata ya kuchotea majivu iko mahali nisipoiachaga, na majivu yamepungua kuliko kawaida, nikajua. Nikabeba mtungi wote, maji na uji, nikaumwaga juu ya lundo la vifuu nyuma ya jiko kabla Kitinda hajaamka. Halafu nikasema mchele mbovu.

Na si mara ya kwanza. Mwezi wa pili nilimwita Kitinda kwa jina la marehemu babu yako, kutwa nzima. Yeye alidhani namtania. Mama yake Kim wa kule darajani alianza hivihivi, leo wanamfungia mlango wasije wakampoteza. Unafikiri ningekaa pale mbele ya watu niseme nimesahau?

Basi. Ilifikaje umejua. Kiasi gani, hapo ndipo palinitoa jasho, maana nisingekuwa nimesahau nisingetia mara mbili! Huwa natia kata nne, lakini ule mkono wa kwanza nisioukumbuka ulitia ngapi? Nani wa kumwuliza?

Nikavuka. Daraja la mwanzi mmoja, na goti hili. Bi Tisa alikuwa kizingitini anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Mchele mbovu umeisha," akasema. "Umebaki mzuri tu. Jaribu duka lingine."

"Tisa, mchele wako haukuwa na kosa."

"Najua."

"Nilitia majivu mara mbili."

"Najua."

"Unajuaje, we mwanamke?"

"Nilikuona. Kata nne alfajiri, ukafunika. Ukaenda sokoni. Ukarudi, ukafunua, ukatia nne nyingine. Nane. Tena ile ya mwisho uliijaza mpaka ikamwagika."

Nikahisi masikio yanawaka. "Kumbe unanipeleleza!"

"Miaka arobaini na moja, wifi. Ulidhani naosha vyombo gani kila alfajiri ya mkesha wa sikukuu? Mikate yako inafuatwa na watu kutoka wilaya ya pili. Yangu hata yule mbwa wako marehemu alikuwa anaifukia. Nimehesabu kata zako kila mwaka, na bado yangu inatoka chungu. Nadhani ni kuni."

"Ni majivu ya kuni gani unatumia?"

"Siri yangu."

"Tisa. Nimekutukana mbele ya soko zima. Mbona hukusema?"

Hapo ungo ukasimama.

"Niseme nini? Bi Sita amesahau alichofanya asubuhi? Kitinda angesikia, na kesho yake wangekunyang'anya kiberiti. Ungekaa kitini unatazama ukuta mpaka ufe. Mchele wangu ulitukanwa, sawa. Mchele hauna moyo."

Nilitaka kusema neno, Thoa. Nikasema, "Ungo wako umetoboka."

Akasema, "Na wewe goti limekuvimba, kaa chini."

Basi tukafanya kazi. Yeye ndiye aliyewaza kwamba hatuna mwezi mzima wa kungojea maji ya majivu yaingie kwenye vifuu kama mara ile. Tukavichemsha ndani yake siku mbili, pamoja na mchele, maana mara ile uji uliganda kwenye vifuu ukayashikilia majivu. Mchele katoa yeye, kilo sita, mzuri mzima. Ameuona ukivurugika kwa macho yake na hakunung'unika. Au alinung'unika kidogo. Kisha tukaanika, tukachoma. Yeye alihesabu kata, mimi nikatia: nane kwa mtungi, ya mwisho imemwagika. Maji ndoo mbili. Majivu ya mkoko, yaliyochujwa kwa kitambaa.

Gunia hilo. Limefungwa kwa kamba yake ya kijani, usije ukaitupa, anaitaka.

Hao watu wa jopo waambie ukweli wote. Waambie bibi yako alisahau. Umeniandikia kwamba jina la mwongo litakuua, nami ndiye nilikuwa ninakuua taratibu huku nakutumia samaki.

Kitinda hajui bado. Usimwambie, nitamwambia mwenyewe.

Bibi yako,
Sita

*

Cần Thơ, 8 Desemba 2013

Bibi yangu, shikamoo, na shikamoo ya pili mpelekee Bibi Tisa.

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa kwenye ngazi za maabara, na mlinzi akaja kuniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia sijafiwa, nimepewa.

Kurasa! Bibi, kurasa! Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha mimi na mwenzangu tukachukua vifuu vya sokoni hapa, tukatia majivu kwa vipimo vyenu, tukaoka. Kurasa tena. Kwa hiyo si bahati.

Tarehe tano nilisimama mbele ya watu watano. Yule wa minong'ono akauliza: "Kipimo hiki cha majivu kimetoka wapi? Sikioni katika kitabu chochote." Nikamwambia: kimetoka kwa bibi wawili, ng'ambo na ng'ambo ya mfereji. Mmoja alitia akasahau, mwingine alikuwa akimpeleleza na hakusahau. Wakacheka, mimi sikucheka, wakaacha kucheka. Dakta Khiêm akasema kwamba sisi wenye shahada watatu tulitazama kokoto miezi miwili, na aliyejua idadi ni muuza mchele. Yule bwana akainama, akaandika. Akauliza majina yenu yanaandikwaje.

Nimefaulu, Bibi. Nafasi ni yangu, na mwaka ujao wanatupa tanuri kubwa.

Hili la kusahau usilibebe peke yako. Nakuja mwaka mpya, twende wote kwa daktari hapa mjini. Nami nitakaa nyumbani wiki tatu, si siku tatu. Nimekuwa nikikuandikia kuhusu mkaa wako miezi mitano na sikuuliza hata mara moja kama wewe mwenyewe unaogopa. Nisamehe.

Asante kwa kuandika neno ambalo lilikuwa gumu kuliko yote.

Thoa wako

*

Rạch Gáo
Tarehe 18, mwezi wa kumi na moja (20 Desemba)

Mjukuu wangu Thoa,

Marahaba. Mimi mzima kwa kiasi chake. Mke wa Kitinda anatamani maembe mabichi usiku na mchana. Kuku mweusi katotoa saba.

Barua yako Bi Tisa kaisoma mara nne, ingawa ni yangu. Pale pa "aliyejua idadi ni muuza mchele" ameweka alama ya kucha. Sasa kila mteja anayekuja kupimiwa mchele anasomewa. Wengine wameanza kununulia duka la mbele.

Kitinda nimemwambia. Tulikuwa mezani, wali umepakuliwa. Nikasema mchele wa shangazi yako haukuwa mbovu, mbovu ni kichwa changu, na mtungi wa sikukuu ulivyoharibika ni hivi na hivi. Aliweka vijiti chini. Akasema, mama, basi tanuri nizime mimi, wewe pumzika. Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliouma. Kabla sijamjibu, sauti ikatoka ukumbini, maana shangazi yake alikuwa amekuja "kuazima chumvi" na alikuwa amesimama pale muda mrefu: "Ukizima tanuri la mama yako, nitalihamishia kwangu pamoja na yeye mwenyewe, na wewe utakula wali wa mkeo peke yako!" Mke wa Kitinda akacheka mpaka akashika tumbo. Tanuri halikuzimwa.

Sokoni pia nimesema. Nilisimama palepale nilipomtukana, nikasema kwa sauti ileile. Baadhi walinionea huruma, nikawakodolea macho wakaacha.

Kwa daktari nitakwenda, ukinishika mkono na usiponisemea. Kuogopa naogopa. Umeuliza, nimejibu, tusilirudie kila barua.

Sasa kila asubuhi Bi Tisa anavuka. Anakaa kwenye kigoda karibu na moto, anahesabu kwa sauti kila ninachotia: chumvi mara moja, maji mara mbili, ubani wa kumwashia babu yako vijiti vitatu. Akihesabu ni kama kasuku. Nikimkemea anaanza upya kutoka moja. Nilivyozoea, siku aliyochelewa kwa ajili ya mvua nilikaa na chumvi mkononi namngoja.

Kumshukuru nilishindwa mwezi mzima. Kila nikifungua kinywa linatoka tusi, wewe unanijua. Leo asubuhi alipofika kwenye kata ya tatu nikasema haraka, kabla ulimi haujageuka: "Tisa, asante."

Akaacha kuhesabu, kata ikabaki hewani mkononi mwangu. "Wifi, unaumwa?"

Nikamwambia ndiyo, naumwa, ndugu yangu. Endelea kuhesabu.

Bibi yako,
Sita